Miguu inawaka moto usiku: vitamini gani itanifaa?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa miaka 54, nakaa Wete, Pemba. Nimelima mwani zaidi ya miaka ishirini na sasa kiuno na magoti vinaniuma kila siku. Usiku silali, nikipata saa tatu ni nyingi. Nyayo zinawaka kama nimekanyaga makaa, mpaka nazitoa nje ya shuka. Nina kisukari mwaka wa saba, natumia metformini gramu moja asubuhi na gramu moja jioni. Kwa maumivu nanunua diklofenaki duka la dawa, nameza karibu kila siku, na usiku nikizidiwa naongeza paracetamol zile kali. Chai nakunywa baada ya Isha, ndiyo mapumziko yangu. Dada yangu aliyeko Maskati ameniletea vitamini D iliyoandikwa 50,000 na magnesiamu ya miligramu 400, akaniambia nitalala kama mtoto. Ya D nameza kila siku, leo siku ya nne. Jirani naye ananishauri vidonge vyekundu vya neva. Nimefanya sawa? Na nile nini?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu, na pole kwa kukesha.

Vitamini D iache leo hii. Mwanamke wa umri wako anahitaji uniti 600 kwa siku, kwa hiyo kapsuli moja ya 50,000 ni mahitaji ya karibu miezi mitatu. Kapsuli ya namna hiyo humezwa mara moja kwa wiki, kwa wiki chache, na mtu aliyepimwa akaonekana amepungukiwa. Nne ulizokwisha kumeza hazinipi hofu kubwa. Ungeendelea hivyo miezi miwili au mitatu, madini ya chokaa (kalsiamu) yangezidi kwenye damu: kiu isiyokatika, kichefuchefu, choo kigumu, mkojo kila mara, mwisho mawe ya figo. Ukiwa umeanza kuhisi lolote katika hayo, usingoje, mwambie daktari.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kiuno na magoti umevitaja mwanzo, lakini mimi nimesimama kwenye nyayo. Maumivu ya kiuno cha mtu aliyeinama miaka ishirini kwenye kamba za mwani nayaelewa. Nyayo zinazowaka usiku, kwa mtu wa kisukari, ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni mishipa ya fahamu inayolalamika, na kwako ina sababu mbili za kushukiwa. Ya kwanza ni sukari yenyewe, ikiwa imekaa juu muda mrefu. Ya pili ni dawa unayotumia.

Metformini ni dawa nzuri na usiiache kwa neno langu wala la mwingine yeyote asiyekuona. Ila huzuia vitamini B12 isinyonywe vizuri mwishoni mwa utumbo mwembamba. Ini lina akiba ya B12 ya miaka, ndiyo maana mwaka wa kwanza na wa pili mtu haoni kitu. Upungufu huja kimyakimya baada ya miaka minne, mitano, hasa kwa anayetumia gramu mbili kwa siku kama wewe. Dalili zake ni hizo hizo: kuchoma, ganzi, uchovu, wakati mwingine usahaulifu na damu kupungua. Uingereza, mamlaka yao ya dawa iliwashauri madaktari mwaka 2022 wawapime B12 watu wa metformini wenye dalili kama zako. Mwombe daktari wako akupime. Kama kipimo hakipatikani ulipo, usikate tamaa: daktari akiona dalili na miaka ya dawa anaweza kuamua kukutibu kwa sindano, au kwa kidonge cha mikrogramu 1,000 kila siku. Kiasi hicho ni kikubwa makusudi, kwa sababu sehemu ndogo yake hupenya yenyewe hata kama njia ya kawaida imezibwa na dawa.

Sasa vile vidonge vyekundu vya jirani. Naomba hapa unisikilize vizuri, kwa kuwa watu wetu wanavimeza kama peremende. Vingi vina B1, B6 na B12 pamoja, na B6 humo huwa miligramu 100, vingine 200. Mahitaji yako ni miligramu moja na nusu kwa siku. Barani Ulaya mwaka 2023 kiwango cha juu cha usalama kwa mtu mzima kilishushwa hadi miligramu 12. Kisa chake ni kwamba B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu mishipa ya fahamu: ganzi miguuni, kuyumba gizani, kuchoma. Nilipata kumhudumia mzee mmoja mvuvi aliyenimwagia mezani mfuko mzima wa vidonge hivyo. Alikuwa anameza viwili kila siku, na kila miguu ilipozidi ganzi aliongeza kimoja. Nilimsomea maandishi ya nyuma ya pakiti, herufi ndogo kama mayai ya chawa, akakaa kimya muda mrefu. Dawa aliyoikimbilia ndiyo iliyokuwa ikimzidishia. Kwa hiyo ikiwa B12 ndiyo imepungua, tibiwa kwa B12 peke yake.

Vitamini humfaa aliyepungukiwa nayo. Hili sisi Wapemba tulitakiwa tulijue kabla ya wengine, maana limethibitishwa kwa watoto wetu. Utafiti mkubwa uliofanywa Pemba, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006, uliwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku bila kuwapima kwanza. Malaria wakati huo ilikuwa nyingi. Waliopewa walikuwa na hatari ya kulazwa au kufa iliyozidi kwa asilimia 12 kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Lakini katika kundi la watoto waliopimwa damu, wale waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walifaidika. Kidonge ni kile kile. Tofauti ilikuwa mwilini mwa anayemeza. Nauweka utafiti huo mbele ya kila anayeniletea chupa kutoka ng'ambo, na mletaji simlaumu: dada yako amefanya kwa mapenzi.

Magnesiamu nayo isubiri kipimo kimoja, cha figo. Kisukari miaka saba na diklofenaki kila siku ni mizigo miwili juu ya figo, na figo ndizo zinazotoa magnesiamu iliyozidi. Zikiwa dhaifu, hurundikana. Zikiwa nzima, kidonge hicho hakitakuua, ila usikitarajie mengi: tafiti za magnesiamu na usingizi ni ndogo, na faida iliyoonekana ni ndogo vilevile. Tena chupa nyingi za miligramu 400 ni za aina ya oksaidi, ambayo mwili huinyonya kidogo. Inayobaki tumboni huvuta maji, ukashtukia unakimbilia chooni saa nane za usiku. Mwanamke anahitaji kama miligramu 320 kwa siku, na jikoni kwako zimo. Mbegu za maboga ukizikaanga bila mafuta, konzi moja ina karibu nusu ya hizo. Kunde, choroko, mchicha, ufuta na korosho vinakamilisha.

Diklofenaki hainipendezi, nakwambia wazi. Mbali na figo, hupandisha presha na huchubua tumbo, na tumbo likivuja damu kidogo kidogo mtu huishiwa nguvu bila kujua. Kwa magoti, iko ya kupaka, jeli, ambayo kwa maumivu ya goti lililochakaa inasaidia kweli, na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge. Muulize daktari kama unaweza kuhamia huko. Na ukiwa na uzito uliozidi, kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kilo tatu si nyingi, lakini kutoka nyumbani hadi sokoni ni hatua ngapi?

Tuje kwenye usingizi, na hapa najua nitakugusa pabaya, kwa sababu ni chai. Kafeini ikishaingia mwilini, baada ya saa tano hivi nusu yake bado iko. Ukinywa vikombe viwili saa mbili na nusu usiku, saa saba na nusu ni kama umenywa kikombe kimoja sasa hivi, na wewe uko kitandani unahesabu maboriti. Kahawa chungu ya barazani ni mbaya zaidi. Halafu nimeona neno moja kwenye barua yako: paracetamol kali. Nyingi za hizo zinazoitwa kali zimetiwa kafeini ndani, miligramu 65 kwa kidonge. Ukimeza viwili usiku, umejinywesha zaidi ya kikombe kizima cha kahawa ukidhani unatafuta usingizi. Geuza pakiti usome. Kama imeandikwa kafeini, nunua ile ya kawaida. Chai yako usiiache kabisa, ihamishe. Iwe asubuhi na mchana, mwisho alasiri. Baada ya Isha chemsha mchaichai, au tangawizi na mdalasini, bila sukari. Mapumziko yako yabaki pale pale, kikombe kile kile, na mazungumzo yale yale na watu wako.

Usingizi mbovu wenyewe huzidisha maumivu ya kesho yake. Mwili uliokesha huhisi uchungu haraka zaidi, kwa hiyo kila saa unayoipata ya kulala ni dawa ya kiuno pia. Ndiyo sababu naanza na kikombe kabla ya chupa.

Chakula cha usiku tazama mambo mawili, saa na sahani. Sahani ya wali iliyojaa, au muhogo wa nazi peke yake, saa tatu za usiku, hupandisha sukari ukiwa umelala. Sukari ikipanda unaamka kukojoa, na ukiamka nyayo zinakukumbusha. Kula mapema, baada ya Magharibi ukiweza. Wali uwe robo ya sahani, samaki robo, nusu iliyobaki mchicha, matembele au kisamvu. Najua kisamvu bila tui si kisamvu. Tia, lakini jepesi.

Samaki kwako ndio hazina. Vibua na dagaa, ambao mtu hujisikia vibaya kumwekea mgeni, wana mafuta yenye vitamini D, wana B12, na dagaa akiliwa mzima na miba yake ana chokaa. Jodari vilevile. Chaza na kombe ni miongoni mwa vyakula vyenye B12 nyingi kuliko vyote. Wewe mtu wa mwani, siku za bamvua uko huko huko chini, chukua kapu. Wapike waive sawasawa. Ila tusijidanganye: kama metformini ndiyo iliyoziba njia, chaza peke yao hawatarudisha kilichokwisha kupotea. Wanalinda baada ya kutibiwa.

Vitamini D ya bure iko uani. Sisi tunaovaa buibui, jua tunaliona zaidi kuliko linavyotuona. Kwenye mwani unafunikwa mpaka viganja, na ngozi nyeusi nayo hutengeneza D taratibu zaidi. Ukiwa ndani ya ua wako, pasipo macho ya watu, acha mikono na miguu wazi, kama nusu saa, siku chache kwa wiki. Wakati mzuri ni ule ambao kivuli chako ni kifupi kuliko wewe, tangu saa nne hivi hadi saa tisa. Upungufu mkubwa wa D huleta maumivu ya mifupa na misuli kulegea, kwa hiyo huenda dada yako hakukosea kabisa. Pima kwanza, kisha tutajua kama ile chupa ina kazi.

Manjano na tangawizi kwenye mchuzi endelea nazo. Ziko tafiti ndogo zinazoonyesha manjano hupunguza kidogo maumivu ya goti. Vidonge vyake vya dukani siviamini kwa bei yake.

Nenda hospitali wiki hii, ya Wete hapo au Abdulla Mzee kule Mkoani, uombe vipimo hivi: sukari ya miezi mitatu, figo, damu, B12 na, ikiwezekana, vitamini D pamoja na chokaa. Mwambie daktari akuguse nyayo uone kama unahisi, na wewe nyumbani zitazame kila usiku kwa kioo. Kidonda kidogo kwenye mguu wenye ganzi hakina maumivu ya kukuonya. Ukiona mguu unakosa nguvu, mkojo unagoma kutoka, ganzi sehemu za siri, au homa pamoja na maumivu ya mgongo, nenda siku hiyo hiyo.

Chukua kila kitu kwenye mfuko mmoja: metformini, diklofenaki, paracetamol na chupa zote mbili za Maskati. Vimwage mezani mbele ya daktari, avisome mwenyewe.