Ukiingia uvunguni, ingia na funguo

Ovaroli yangu ya kwanza ilikuwa na alama ya tairi kwenye mkono wa kulia. Nilikuwa bado kijana wa kushika spana, tumeitwa kurekebisha breki za semi iliyoegeshwa kando ya barabara nje ya Makambako, mvua ndiyo kwanza imekatika. Fundi mkuu akamwambia dereva aachie handibreki, nami nikajilaza chini. Lori zima na shehena yake lilizuiwa na jiwe moja la ukubwa wa nazi, juu ya tope. Jiwe likateleza. Tairi lilizunguka kidogo tu, likakalia kitambaa. Mkono wenyewe nilikuwa nimetoka kuukunja kuifuata spana iliyoniponyoka.

Breki za upepo ndizo zinazotuponza. Ndani ya busta, lile kopo la chuma linalosukuma breki, mna springi nene: upepo ukijaa inabanwa na breki inaachia, upepo ukiisha inajisukuma na breki inashika. Sasa ili urekebishe, lazima ziachie. Yaani wewe mwenyewe, kwa kazi yako, unaliondolea lori kizuizi chake halafu unaingia chini yake! Kwa hiyo tafuta kwanza sehemu tambarare. Weka kabari za mbao ngumu mbele na nyuma ya tairi, kwenye ekseli usiyoigusa, uzigonge kwa nyundo mpaka zikae. Jaza upepo, zima injini, chukua funguo. Kwenye usukani ning'iniza kipande cha boksi: FUNDI YUPO CHINI. Utingo akipanda kufuata simu yake atakisoma.

Jeki ni ya kuinulia. Sili yake, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, ikikatika inashuka bila kukuaga, kwa hiyo lori likae juu ya stendi za chuma, na chini ya jeki pawe na ubao mnene kama ni udongo. Tofali la saruji sitaki kuliona gerejini kwangu. Linapasuka ghafla, hata halilii kwanza kama mbao. Tipa nayo, bodi ikiwa juu, usiguse paipu ya haidroliki kabla ya kuweka nguzo ya kuizuia bodi isishuke.

Madereva wengine hununa nikiwaomba funguo. "Fundi, unadhani nitakimbia bila kukulipa?" Nawajibu ndiyo, nazitia mfukoni, najilaza.