Angalia kwanza mwaka wa kuchapishwa
Kwa aliyeuliza aamini kipi kati ya vitabu vya Titanic vinavyopingana: fungua ukurasa wa hakimiliki, tazama mwaka. Uchunguzi wa Uingereza wa 1912 ulihitimisha kuwa meli ilizama ikiwa nzima, ingawa baadhi ya walionusurika walisema waliiona ikikatika. Mabaki yalipatikana Septemba 1985, yamegawanyika vipande viwili. Kwa hiyo kitabu cha kabla ya hapo kinaweza kukosea hilo na bado kikawa hazina kwa ushuhuda wa abiria. Usikitupe.

Kisha soma sura ya kanuni za usalama wa meli, ile ambayo wengi huiruka. Humo ndimo chanzo cha vifo vingi kinapoonekana: sheria ilipanga idadi ya mashua za kuokolea kwa tani za meli, si kwa idadi ya watu, na jedwali lake liliishia kwenye meli za tani 10,000 na zaidi, ambazo zilitakiwa kubeba angalau mashua 16. Titanic ilikuwa na tani zaidi ya 46,000. Ilibeba mashua 20, nafasi 1,178, kwa watu wapatao 2,200.

Baada ya hapo chukua historia ya uhamiaji kwenda Marekani. Ndiyo itakayokueleza abiria wa daraja la tatu walikuwa akina nani.