Kidole cha pete cha Paderewski: kwa anayetaka piano imlishe

Wengi humkumbuka mpiga piano Ignacy Jan Paderewski kwa nywele zake na kwa uwaziri mkuu wa Poland mwaka 1919. Kwa kijana anayetaka piano imlishe, miaka ya kuchunguza ni ile kati ya 1888 na 1892.

Tuanze na akiba ya muziki. Machi 1888 Paderewski alipiga kwa mara ya kwanza Paris, katika ukumbi wa Érard, na wasikilizaji wakataka onyesho jingine. Hakuwa nalo. Programu aliyokuwa nayo ilikuwa ile ile moja, ikabidi ajifungie kujifunza nyingine mbio mbio. Onyesho la mpiga piano peke yake huhitaji muziki wa dakika 75 hadi 90. Usitafute ukumbi kabla hujawa na programu mbili zisizorudia kipande, na angalau koncheto moja ya kupiga na okestra. Kipande kimeiva pale unapoweza kuanzia mahali 6 tofauti bila kitabu, kwa mkono wa kushoto peke yake. Jukwaani mkono wa kushoto ndio husahau kwanza. Wa kulia una wimbo wa kujishikizia.

Kukariri kwa namna hiyo kunafanyika mbali na piano. Mwalimu wa Paderewski kule Vienna, Theodor Leschetizky, mzaliwa wa Łańcut, mji ulioko Poland ya leo, alisisitiza mwanafunzi asome mstari mpaka auone akilini, ndipo auguse. Chukua mstari mmoja, usome, funika kitabu, upige polepole. Ukikosea, usirekebishe kwa vidole: rudi kwenye karatasi. Anayerudia kosa mara 20 akitumaini litaondoka lenyewe amelifundisha vizuri mno. Paderewski alifika kwa Leschetizky mwaka 1884 akiwa na miaka 24, tayari amewahi kuwa mwalimu Warszawa, akarudishwa kwenye mazoezi ya vidole ya Czerny. Inauma, lakini ilimfaa.

Sasa kidole. Novemba 1891 alipiga koncheto 6 New York katika maonyesho 3 ndani ya wiki moja, kisha ziara ikaendelea mji hadi mji. Vibao vya piano alizopewa vilikuwa vizito kwake, akaomba vilegezwe. Jioni moja akakuta vimerudishwa kwenye uzito wa zamani bila yeye kuambiwa, na kidole cha pete cha mkono wa kulia kikaumia. Alimaliza ziara kwa vidole vinne vya mkono huo.

Kidole hicho kimeunganishwa na jirani zake kwa kano nyuma ya kiganja, ndiyo maana hakiinuki juu kikiwa peke yake. Mazoezi ya kukilazimisha kiinuke hayakipi uhuru, yanakichosha tu. Acha kiwiko na kifundo cha mkono visogee hadi viwe nyuma yake, kishuke kwa uzito wa mkono. Maumivu yakianza, funga piano siku hiyo.

Piano ngeni ipime kabla ya onyesho. Beba vipimo vya gramu, hata sarafu ulizozipima kwenye mizani ya jikoni. Kanyaga pedali ya kulia, weka gramu 50 kwenye ncha ya kibao cha C ya katikati: kinapaswa kushuka polepole. Kikitaka 60 au zaidi, ni kizito. Kisha punguza uzito mpaka kibao kiinuke chenyewe. Kisipopanda na gramu 20 juu yake, kuna msuguano, mara nyingi kwa sababu kitambaa kinachozunguka pini kimevimba kwa unyevu. Anayepiga Mombasa au Zanzibar analijua tatizo hili. Fundi hulimaliza kwa muda mfupi, lakini mwite asubuhi, si nusu saa kabla ya watu kuingia. Na akishamaliza, pima tena mwenyewe.

Kufundisha ni kazi nyingine, yenye uchovu wake. Leschetizky alikuwa na wasaidizi waliomwandaa mwanafunzi kwanza: mkao wa mkono, sauti, vidole. Yeye alimpokea baadaye. Paderewski, alipokuwa mzee kule Morges, Uswisi, aliwapokea wapiga piano kama Henryk Sztompka na Witold Małcużyński wakiwa wamekwisha pikwa Warszawa. Wewe huna msaidizi, kwa hiyo usichanganye wanaoanza na wanaojiandaa kwa mashindano katika siku moja. Sikio linalohesabu mapigo ya mtoto halisikii tena rangi ya sauti. Piga piano yako kwanza asubuhi, kwa muda wa saa mbili au tatu, kabla ya somo la kwanza. Ukipanga kuifanya jioni baada ya wanafunzi, kufikia Jumatano utakuwa umeshaacha.