Re: K26AC maana yake nini, na kwa nini vituo hivi vinahamahama chaneli?

Mkuu, K26AC ni jina la kituo cha TV cha nguvu ndogo huko Marekani; lisome vipande vipande: K ni magharibi ya mto Mississippi, 26 ni chaneli, AC ni mfuatano tu wa herufi. Chaneli ikibadilika, na jina linabadilika. Kituo hicho cha Bemidji, Minnesota, kilikuwa hewani 1981, kabla FCC (mamlaka ya mawasiliano ya Marekani) haijapitisha kanuni za vituo vya nguvu ndogo 1982.

Kuhamahama kunatokana na leseni yenyewe, ya daraja la pili: kituo kikubwa kikitaka chaneli, mdogo anapisha, na mawimbi yakiingiliwa hana pa kushtaki. Sheria ya 1999 iliwakinga waliorusha saa 18 kwa siku, huku saa 3 kwa wiki zikiwa vipindi vya eneo lao. Analojia ya vituo vya kawaida vya nguvu ndogo (wasio na kinga hiyo) ilizimwa 13 Julai 2021 (Alaska walingojea). Ukiona -D mwishoni mwa jina, hiyo dijitali: kwenye masafa ya UHF nguvu mwisho kilowati 15.