Fundi Anajibu: Printa Inaonekana, Lakini Haichapi

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina stesheneri ndogo karibu na shule ya sekondari, natumia HP LaserJet 1020 kwa waya wa USB, kompyuta ina Ubuntu. Tangu nilipopandisha toleo la Ubuntu, kazi zinaingia kwenye foleni na kukaa tu. Nimenunua waya mpya, hali ni ileile. Cha ajabu, nikiichomeka kwanza kwenye Windows ya jirani, akachapa ukurasa mmoja, halafu nikaihamishia kwangu bila kuizima, inanichapia siku nzima. Umeme ukikatika tu, tunarudi palepale. Kijana mmoja ananiambia printa imeungua, ninunue nyingine. Ni kweli?
Mama Stesheneri, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mama Stesheneri. Usinunue kitu. Hiyo habari ya jirani imenipa jibu kabla sijamaliza kusoma barua yako. Printa iliyoungua haiponi kwa kupelekwa mlango wa pili.

LaserJet 1020 haihifadhi programu yake ya ndani, ile tunayoiita fimweya. Ikizimwa, inasahau yote, na kila inapowashwa ni lazima kompyuta iipelekee upya faili la fimweya hiyo. Draiva ya Windows, yaani programu inayoiendesha printa, hufanya hivyo kimyakimya. Kwa hiyo inapotoka kwa jirani imeshapakiwa, nawe unaitumia hadi TANESCO watakapokata. Ndugu zake 1018, P1005 na P1006 wana tabia hiyohiyo.

Tuanze na USB ili shaka iishe. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika lsusb. Ukiona mstari wenye 03f0:2b17, hiyo ndiyo 1020 yako: waya mzima, tundu zima. Usipouona, hapo ndipo waya mpya ungekuwa na maana. Nina hakika utauona, maana kuonekana na kupokea fimweya ni mambo mawili.

Kilichoharibika ni hiki. Printa za HP kwenye Linux, ukoo wa Ubuntu yako, huendeshwa na programu iitwayo HPLIP, ambayo huja na Ubuntu. Fimweya haimo humo, kwa sababu leseni yake si huria. Huletwa na plagini, yaani kiongezo cha pembeni, na plagini hiyo lazima ilingane na toleo la HPLIP. Ulipopandisha Ubuntu, HPLIP ilibadilika, plagini ikabaki ya zamani.

Hakikisha una bando, kisha andika hp-plugin. Itapakua plagini inayolingana na kukuomba nywila. Ikimaliza, zima printa, iwashe tena. Mara nyingi utaisikia ikinguruma kidogo, imepokea. Ikikaa kimya, ipelekee fimweya wewe mwenyewe: andika hp-firmware.

Bado inagoma? Huenda aliyekufungia mwanzo aliweka foo2zjs, draiva nyingine ya printa hizihizi. Mimi naipenda kwa wepesi wake, lakini mbili kwa pamoja zinagombania printa moja. Iondoe kwa sudo apt remove printer-driver-foo2zjs, futa printa kwenye mipangilio, uisajili upya kwa hp-setup.

Ila kabla ya yote hayo andika cancel -a, ufute foleni. La sivyo printa ikizinduka itatapika kila mtihani uliokwama humo, na rimu ya karatasi ni ya kwako.