"Should have", "must have" na wenzao: tuliokulia Kiswahili tunakwama hapa

Dada mmoja wa Arua ameniandikia wiki hii akitoka kwenye usaili wa kazi. Walimpa karatasi yenye sentensi "If I would have known, I would have come", wakamtaka aisahihishe kama ina kosa. Yeye akaiacha ilivyo, maana sikioni mwake ilikuwa sawa kabisa. Sasa anauliza kosa liko wapi.

Dada yangu, kosa linatoka kwenye Kiswahili chako kizuri. Sisi husema "ningejua ningekuja", na wale wa Kiswahili cha vitabuni "ningalijua ningalikuja". Alama, iwe "nge" au "ngali", ni ileile huku na huku. Mwingereza hana mazoea hayo. Upande wenye "if" anaweka "had known", na "would have" anaiweka upande wa matokeo tu: "If I had known, I would have come."

Nasema kwa kujiamini kwa sababu Kiingereza hiki nilikitolea jasho. Nimekulia kambini, baba askari, na watoto wa kambi wengi hapa Uganda tunakishika Kiswahili kabla hata ya lugha za wazee wetu. Katika shule ya msingi niliyosoma, ukikutwa unaongea kitu kingine zaidi ya Kiingereza ulivishwa kibao shingoni, ukazunguka nacho mpaka umnase mwenzako. Kamba yake ilikuwa ya katani, inakwaruza shingo hasa ukitoka jasho. Sisi watoto wa kambi tulikuwa wateja wake wakubwa. Leo Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Walionivisha kile kibao sijasikia neno lao.

Na Kiingereza chenyewe tulifundishwaje? Kwa kukaririshwa. Ukijiandaa na mtihani wa darasa la saba unapewa sentensi na maagizo: andika upya, anza na neno hili, tumia lile. Tukawa mafundi wa kuhamisha maneno bila kujua sentensi inamwambia mtu nini.

Kilichonifungua macho ni kazi, huku Busia mpakani na Kenya, kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Tulikuwa na mwenzetu mwenye digrii aliyependa kukicheka Kiingereza changu, eti kinanuka Kiswahili. Siku moja trela ya mteja ilikuwa njiani kutoka Mombasa, dereva hapatikani kwa simu, mteja yuko Kampala anauliza mzigo uko wapi. Mwenzetu akajibu: "The driver should have crossed." Mteja akawaka! Alielewa kwamba dereva alipaswa kuvuka na hajavuka, kwa hiyo mzigo umekwama. Kumbe dereva alikuwa ameshavuka, laini yake ya Kenya tu ndiyo iliyonyamaza, na karatasi za forodha zilishagongwa mhuri. Palihitajika "must have crossed": kwa dalili hizi, bila shaka atakuwa amevuka. Mimi ndiye niliyeandika barua pepe ya pili, mteja akatulia. Tangu siku hiyo barua za wateja wakorofi zinapita kwangu, na mwenye digrii huniletea zake nizitazame kabla hajazituma. Sijawahi kumcheka, ingawa hamu ninayo.

Kwa hiyo kabla hujaandika, jiulize unataka kusema nini juu ya jambo lililopita. Unalaumu au unajuta? "Should have." Unakisia ukiwa na ushahidi? "Must have." Unakisia gizani? "Might have." Nafasi ilikuwepo ikapotea? "Could have", kama "We could have won". Na chunga sana hiyo ya kwanza. "You should have sent the invoice" ni kumnyooshea mteja kidole. Hata kama kosa ni lake, mwandikie "We have not yet received the invoice" ili muendelee kula naye mkate wenu.

Kukanusha nako kuna mtego. Ukiwa na hakika kwamba dereva hajavuka, usiseme "must not have", ingawa Wamarekani huisema. Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho tunachofundishwa na kupimwa nacho hapa, ni "He can't have crossed."

Umbo lenyewe ni jepesi, kwa hiyo ukilikosea hapo ni uvivu tu. Baada ya "should", "must", "might" na "could", "have" haibadiliki, awe ni yeye, wao au Rais. "She should has" haipo. Kinachofuata ni kitenzi katika umbo la tatu: "gone" wala si "went", "written" wala si "wrote". Vijana mnaokesha mkitazama mpira, chukueni dakika kumi mkazitunge sentensi zenu wenyewe kuhusu mechi hiyohiyo. Nani alistahili kupiga pasi? Refa atakuwa aliona nini? Someni, ndugu zangu, someni kwa kuelewa. Kukariri kulitufikisha darasa la saba tu.

Halafu kuna hili la mitandaoni. Mtaona watu waliozaliwa nacho Kiingereza wakiandika "should of". Wanaandika wanavyosikia, kwa sababu "should've" ikitamkwa haraka hulia hivyohivyo. Wao watasamehewa. Wewe wa Arua au Busia ukiandika hivyo kwenye barua ya kuomba kazi, hakuna atakayekuuliza ulikuwa na haraka gani.