Kabla hujalichana jalada

Kama nyumbani kwenu mna kasha la majarida ya zamani, nisikilize kabla hujashika mkasi.

Marehemu baba alikuwa hatupi karatasi. Kila jarida aliloletewa, la hapa Unguja au la kutoka bara, alilisoma, akalikunjua vizuri, akalitia kwenye kasha la misumari ya shaba chini ya kitanda cha chumba cha nyuma, nyumbani kwetu Vikokotoni. Alipofariki tukagawana vitu, kasha likawa langu. Nikalifungua, nikaona majahazi bandarini, watu wa Darajani, watoto wa Idi, kina mama wenye kanga za sare. Nikaona mapambo ya ukutani. Nikachagua majalada kumi na manane, nikayachana taratibu, nikayapeleka kwa fundi wa fremu, nikayatundika ukumbini. Kurasa zilizobaki nikampa muuza njugu wa mtaani. Alinishukuru sana.

Haukupita mwezi akaja shangazi. Akaenda ukutani, akasimama mbele ya jalada la wasichana wa skuli, safu mbili, gauni nyeupe. Akaweka kidole juu ya kioo. "Huyu mimi," akasema. "Na huyu tulikuwa tukikaa dawati moja. Jina lake nani, ya Rabi?" Akainama, akasoma maandishi madogo pembeni mwa picha: majina ukurasa wa 7. Akanigeukia. "Mwanangu, huo ukurasa wa saba uko wapi?"

Ukurasa wa saba ulikwisha kukunjwa pembe, ukatiwa njugu, ukatupwa.

Tangu siku ile nimejifunza kuyatazama majalada kwa namna nyengine, na nyingi ya haya nimeyajua baada ya kuharibu. La kwanza ndilo hilo: jalada halitoki peke yake. Picha iko mbele, lakini majina, tarehe ya tukio na jina la mpiga picha mara nyingi viko ndani, pengine ukurasa wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo. Ukitaka pambo la ukutani, piga picha ya jalada, ichapishe, itie fremu hiyo. Jarida libaki zima.

La pili ni mpangilio. Mimi niliyatundika kwa uzuri wa rangi. Baadaye nilikaa na mpwa wangu tukatazama kwenye simu majalada ya jarida la mji wa New York, The New Yorker, yamepangwa kuanzia toleo la kwanza la Februari 1925. Lile la kwanza lina bwana wa kofia ndefu anayemtazama kipepeo kwa kioo cha jicho moja, na bwana yule wamemrudisha karibu kila Februari kwa miaka mingi. Kisha ukifika Septemba 2001, baada ya majengo mawili marefu ya mji ule kushambuliwa na kuanguka, unakutana na jalada jeusi tupu. Ukiinamisha simu ndipo unaiona minara miwili, nyeusi juu ya weusi. Ungelikuta peke yake ungesema wino umemwagika. Lakini ukiwa umetoka kwenye majalada ya rangi ya wiki kabla yake, moyo unashituka.

Basi nikayateremsha majalada yangu yote, nikayatandaza juu ya mkeka. Kwanza kwa miaka. Halafu mpwa akanambia, hebu tupange kwa miezi, Januari zote pamoja, na za Idi zote pamoja. Hapo ndipo mji ulipoanza kusema. Idi inahama katika kalenda ya kizungu, kwa hiyo mwaka mmoja watoto wa Mnazi Mmoja wamepigwa jua la kaskazi, mwaka mwengine wamesimama kwenye matope ya masika na viatu vipya mkononi. Gauni za mashada zikawa fupi, zikarefuka tena. Kuna mtoto wa kiume mwenye kanzu na kofia ya kiua, na miaka mingi baadaye, pahala pale pale, mtoto mwengine mwenye miwani ya plastiki na bastola ya maji. Nilikaa na hao wawili mchana kutwa.

Usidharau ukurasa usio na picha. Visiwa hivi vilianza kuchapisha zamani: Msimulizi lilitoka kwa wamisionari wa Kiungani mwaka 1888, Gazeti la Serikali likaanza 1892, Al-Falaq 1929, Mwongozi 1942, Afrika Kwetu 1948. Kurasa za mbele za magazeti ya namna hiyo zimejaa maandishi, na maandishi yenyewe yanakwambia nani alikuwa akiandikiwa. Samachar lilitoka kwa Kigujerati na Kiingereza, na lilikuwa la hapa hapa mjini. Ukikuta karatasi isiyo na mwaka, tazama bei. Ikiwa imeandikwa kwa rupia, ujue ni kabla ya 1936, maana mwaka huo ndipo tulipoingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki. Shilingi ya Tanzania ilikuja 1966. Tazama pia bendera, na cheo cha mtawala anayetajwa: kabla ya Januari 1964 ni Sultani, baada yake ni Rais. Kwa njia hiyo nimeyajua takriban majarida sita yaliyokuwa hayana tarehe.

Kuhusu kuyahifadhi, kasha ni zuri lakini si chini ya kitanda, wala si karibu na ukuta wa mawe na chokaa. Kuta za Mji Mkongwe na za nyumba zetu nyingi hunyonya unyevu na kuurudisha chumbani, na karatasi huunywa. Mama alitia karafuu humo kama anavyotia kwenye nguo. Harufu ilikuwa nzuri, lakini kila punje iliacha doa la kahawia lisilotoka. Mimi sasa nayafunga kwa bafta iliyofuliwa bila ya buluu, nayalaza bapa juu ya kabati, na kila baada ya masika nayatoa kivulini yapate upepo. Jua msiyape hata saa moja. Pini zikiwa na kutu zitoe kwa ncha ya kisu butu, ufunge kwa uzi. Selotepu usiitie kabisa, inageuka manjano na kuila karatasi. Na yeyote atakayekwambia uyatie plastiki kwa mashine ya moto, mkatalie, kwani plastiki ile haibanduki tena.

Yakikushinda, usiyatupe. Nyaraka, yaani hifadhi ya kumbukumbu ya Zanzibar pale Kilimani, ni pahala pa kwenda kuuliza kwanza kabla ya kufikiria muuza njugu.

Ukurasa wa saba sikuupata. Ila mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wa pili alikuwa na toleo la mwezi uliofuata, na ndani yake mna barua ya mzee mmoja akilalamika kwamba jina la binti yake limekosewa kwenye orodha ya wasichana wa skuli, akaliandika sawasawa, pamoja na la binti wa jirani. Majina mawili hayo. Nikampelekea shangazi, akacheka, akalia, akakumbuka mengine matatu papo hapo.

Sasa kila Ijumaa baada ya sala nakwenda kwake. Nimechapisha picha ile kubwa, ukubwa wa sinia, na chini yake tunaandika kwa penseli. Wasichana ni kumi na wanne, tumekwisha wapata tisa. Mwenye vishungi viwili, wa nne kutoka kushoto, shangazi anasema aliolewa Wete, Pemba. Msimu wa karafuu tunapanda meli kwenda kumuulizia.